Kacheza Nani? Namna Tunavyochagua Filamu na Kazi Halisi ya Kionjo

Kazi yangu ni kuhariri vionjo vya filamu, yaani trela. Mwongozaji huniletea diski yenye saa kadhaa za picha, mara nyingi filamu yenyewe ikiwa bado haijakamilika, nami natakiwa kuzikamua zibaki dakika mbili ambazo zitamfanya mtu asiyemfahamu yeye wala waigizaji wake atamani kuiona kazi nzima. Kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha, ingenifaa kuamini kwamba kionjo ndicho kinachoamua nani atazame nini. Siamini hivyo, na sababu zangu nilizipata kabla sijajua kuhariri, nilipokuwa kijana wa dukani katika laibrari ya filamu huko Temeke, wakati mkanda wa video ulikuwa unaanza kuipisha sidii na wateja walikuja kuazima filamu kwa usiku mmoja.

Ukuta mzima wa duka lile ulikuwa umebandikwa kava, na runinga ndogo iliyogeuziwa barabarani ilionyesha filamu yoyote ya mapigano tuliyokuwa nayo. Vionjo havikukosekana, maana mikanda mingi ya kutoka nje ilianza na vionjo vitatu vinne vya filamu nyingine, lakini sikumbuki mteja hata mmoja aliyeniomba nimwekee kimoja kabla ya kuamua. Walichofanya ni kuuliza, na maswali yao yalifuatana kwa mpangilio ambao baada ya miezi michache ningeweza kuyajibu kabla hayajatoka mdomoni. La kwanza lilikuwa "Kacheza nani?" Nikitaja Jackie Chan au Van Damme, mkono ulinyooshwa kupokea, nikitaja jina lisilojulikana, yalifuata mengine: ni ya mapigano, ya kutisha au ya mapenzi? Imetafsiriwa? Kaitafsiri nani? Swali hili la mwisho asilidharau mtu, kwa sababu kwa mtazamaji wa kibanda umiza, kile chumba cha mtaani cha kuonyeshea video, sauti ya mfasiri aliyemzoea, iwe Lufufu kwa Dar es Salaam au DJ Afro kwa Kenya, ilikuwa na uzito kuliko jina la kampuni yoyote ya Hollywood.

Kulikuwa na swali jingine ambalo halitajwi katika mafunzo ya masoko ya filamu, nalo ni la sebuleni. Jioni moja aliingia mama mmoja wa makamo, akachukua kava ya filamu ya mapenzi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Mwanangu, mkwe wangu amekuja kutoka Tanga, yupo nyumbani. Humu hamna mambo ya aibu?"

"Hamna, mama."

"Umeiangalia mpaka mwisho?"

"Nimeiangalia, mama."

Nilikuwa sijaiangalia. Kesho yake alirudisha mkanda, akauweka juu ya kaunta kifudifudi, akasema, "Siku nyingine usipojua, sema hujui." Hakuniuliza tena jambo lolote, akija alimtafuta mwenzangu, na kama mwenzangu hayupo alirudi nyumbani mikono mitupu. Ule mkanda ulikuwa na kionjo chake, na kionjo kile kilikuwa safi kabisa, hakina hata busu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kinachonisaidia kuelewa jambo ambalo wanauchumi wamelieleza kwa lugha yao. Mwaka 1970 Phillip Nelson alitofautisha bidhaa ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua kabla ya kulipa na zile ambazo ubora wake haujulikani mpaka zimeshatumika. Nyanya unaibonyeza na kanga unaikunjua uisome jina. Filamu huwezi kuijua bila kuitazama, na ukishaitazama pesa imekwenda, na saa mbili zimekwenda, na pengine heshima yako mbele ya mkwe imekwenda pia. Ndiyo maana mtazamaji hutafuta dalili za nje zitakazompunguzia hofu: mwigizaji aliyewahi kumfurahisha, aina ya hadithi anayoifahamu, mfasiri aliyemzoea, na zaidi ya yote neno la mtu ambaye akimdanganya atamkuta kesho mtaani. Kionjo nacho ni dalili, lakini kina kasoro moja kubwa inayojulikana na kila mtu: kimetengenezwa na muuzaji.

Jina lenyewe lina historia inayofurahisha. Neno la Kiingereza tuliloligeuza "trela" ni lilelile la trela la lori, kitu kinachokokotwa nyuma, kwa sababu mwanzoni matangazo hayo yaliunganishwa mwishoni mwa filamu. Kimoja cha mwanzo kabisa kilitengenezwa mwaka 1913 na Nils Granlund, aliyekuwa akisimamia matangazo ya majumba ya sinema ya Marcus Loew huko New York, nacho kilikuwa kikitangaza tamthilia ya muziki ya jukwaani. Wenye majumba waligundua upesi kwamba filamu ikiisha watu huinuka na kuondoka, wakakihamishia mbele. Trela likatangulia lori na jina likabaki lilelile. Mimi napendelea "kionjo", kwa sababu mpishi anayekuonjesha mchuzi hakupi chungu kizima, na pia kwa sababu anachagua kijiko atakachochota.

Katika ukumbi wa sinema kionjo kina nguvu ambayo hakiipati penginepo. Mtazamaji amekaa gizani, amekwisha kulipa, hana rimoti, na kule kuwapo kwake pale ni ushahidi kwamba yeye ni mtu wa kwenda sinema. Hadhira ya namna hiyo ni dhahabu, na haishangazi kwamba wenye kumbi na wenye filamu wamekuwa wakivutana juu yake: mwaka 2014 chama cha wamiliki wa majumba ya sinema cha Marekani kilitoa mwongozo wa hiari kikitaka vionjo visizidi dakika mbili, wakati vingi vilikuwa vikifikia dakika mbili na nusu. Hapa kwetu, hata hivyo, kumbi ni chache na ziko mijini, na mtu wa kawaida hukutana na kionjo kwenye simu, kwa bando aliyoinunua mwenyewe, akiwa ndani ya daladala au kwenye foleni ya benki. Kidole chake kiko juu ya kioo tayari kusukuma. Ndiyo sababu siku hizi vionjo vya mtandaoni hutanguliwa na picha za sekunde chache zinazopita kwa kasi, yaani kionjo cha kionjo, kazi ambayo naifanya bila kuipenda.

Watu hudhani kionjo huhaririwa kwa macho. Mimi naanza na masikio. Nazima picha kabisa na kusikiliza mazungumzo ya filamu nzima nikitafuta sentensi tano au sita ambazo mtu akizisikia bila kuona chochote atajua nani anataka nini na nani anamzuia. Nikizikosa, najua shida iko kwenye hadithi wala si kwangu, ingawa sijawahi kumwambia hivyo mteja anayenilipa. Baada ya hapo hutafuta sauti zisizo za maneno: mlango unaobamizwa, kisu kinachowekwa juu ya meza ya bati, mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu. Muziki huja baadaye na picha huja mwisho.

Mzozo mkubwa kati yangu na waongozaji hauhusu muziki. Unahusu siri. Mwongozaji mmoja aliniletea filamu ambayo ukweli wake wote ulikuwa umefichwa mpaka dakika ya tisini, akataka nisiguse chochote baada ya dakika ya kumi na tano. Mtayarishaji wake, aliyetoa pesa, akataka ile dakika ya tisini iwe ndiyo picha ya mwisho ya kionjo. Moyo wangu uko kwa mwongozaji, lakini uzoefu wa laibrari unanilazimisha kumsikiliza mtayarishaji. Wateja wetu hawakuiogopa siri kuvuja. Waliuliza waziwazi, "Stelingi anakufa?" na wengi, wakisikia anakufa, walirudisha kava ukutani. Kionjo cha Cast Away, filamu ya mwaka 2000, kilionyesha bila kificho kwamba mtu aliyekwama kisiwani anarudi kwao; mwongozaji wake, Robert Zemeckis, alitetea uamuzi wa aina hiyo kwa hoja kwamba watazamaji hupenda kujua wanachokiendea, na filamu ile ikapata watazamaji wengi duniani. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti uliotumia hadithi fupi 12, wakaona kwamba wasomaji waliodokezwa mwisho kwa jumla walizifurahia zaidi kuliko wasiodokezwa. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, na hadithi fupi iliyoandikwa si filamu. Hata hivyo mtu aliyekulia kwenye ngano, ambaye alimwomba bibi arudie hadithi ileile ya sungura kila usiku, hatashangaa sana.

Kudokeza mwisho ni jambo moja, na kuahidi kisichokuwepo ni jingine. Kwa kuwa vionjo vingi hutengenezwa filamu ikiwa bado mezani, picha iliyomo kwenye kionjo inaweza kukatwa baadaye. Ndivyo ilivyotokea kwa filamu ya Yesterday ya mwaka 2019: mwigizaji Ana de Armas alionekana kwenye kionjo, kisha sehemu yake ikaondolewa kwenye filamu. Watazamaji wawili waliokuwa wamelipa dola 3.99 kila mmoja kuikodi walikwenda mahakamani, na Desemba 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliamua kwamba kionjo ni tangazo la biashara na kinaweza kushtakiwa kwa sheria za matangazo ya uongo. Ukiyatazama madai yao kwa makini utasikia swali la Temeke likisemwa na mawakili: kacheza nani?

Sisi wenyewe tulikuwa na njia yetu ya kuuza kwa sura na kwa hadithi isiyoisha. Wakati filamu za Bongo zilipokuwa zikitoka kwa sidii na DVD kutoka Kariakoo, uso wa Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, ulitosha kuuza kava bila maelezo mengine, na filamu nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Ile ya kwanza ilikatwa pale moto unapowaka, ili mteja akimbilie dukani kutafuta ya pili. Wakosoaji waliulaumu sana mtindo huo, na kwa upande wa sanaa nakubaliana nao, lakini kama mhariri wa vionjo ninakiri kwamba sijawahi kuona kionjo kilichofanya kazi vizuri kuliko sehemu ya kwanza ya filamu ya Bongo.

Tofauti na nilivyotarajia, teknolojia mpya imeurudisha ukuta wa kava. Mwaka 2015 wakuu wawili wa kampuni ya filamu za mtandaoni ya Netflix, Carlos Gomez-Uribe na Neil Hunt, waliandika kwamba mtazamaji wao hupoteza hamu baada ya sekunde 60 hadi 90 za kutafuta, akiwa amepitisha macho kwenye filamu 10 hadi 20 na kuangalia kwa karibu labda tatu tu, na kwamba takriban asilimia 80 ya saa zinazotazamwa hutokana na mapendekezo ya programu yao. Kampuni hiyo huweza hata kubadilisha picha ya kava kulingana na mtu anayeitazama: anayependa vichekesho anaonyeshwa mchekeshaji, anayependa mapenzi anaonyeshwa wapendanao, na filamu ni ileile. Kazi ya yule kijana wa kaunta imepewa mashine. Sijui kama mashine imewahi kuulizwa kuhusu mkwe.

Kwa hiyo kionjo kinafaa nini? Kwa filamu inayosubiriwa, ambayo watu wamekwisha kuamua kuiona kwa sababu ya mwigizaji au kwa sababu ni sehemu ya nne ya hadithi waifahamuyo, kionjo kinawathibitishia tu. Uzito wake uko kwenye filamu isiyojulikana na mtu, yenye sura mpya na pesa kidogo, kwa sababu hapo hakuna dalili nyingine ya kushika. Hata hivyo muda wake ni mfupi. Watazamaji wa kwanza wakishaiona, maneno yao ndiyo yanayotawala, na kionjo kizuri cha filamu mbaya huiua haraka, maana kimewaleta wengi siku ya kwanza na wengi hao wataongea siku ya pili. Huko Marekani kampuni ya CinemaScore imekuwa tangu mwaka 1979 ikiwauliza watazamaji wa siku ya ufunguzi waipe filamu alama ya A hadi F, na wasambazaji huzitazama alama hizo kukadiria wiki zinazofuata. Huku kwetu matokeo hayo yanapatikana kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya saa nne usiku.

Kwa kuwa mwisho wa yote ni maneno ya mtu kwa mtu, siku hizi ninapima vionjo vyangu kwa njia moja. Chini ya ofisi yetu kuna mama lishe ambaye hana habari na waongozaji wala wacheza filamu. Nampelekea kompyuta mpakato wakati wateja wamepungua, anafuta mikono, anatazama dakika mbili, kisha namwomba amhadithie msaidizi wake aliyekuwa akiosha sahani. Ile filamu ya mzozo niliihariri mara sita. Mara tano aliniambia, "Nzuri, ina muziki mzuri," akarudi kwenye masufuria. Mara ya sita aligeuka kabla sijamwomba, akasema, "Wewe, kuna mdada kaolewa na mtu aliyemzika kaka yake, na hajui." Nikaifunga kompyuta, nikapanda juu, nikaituma.