Chusa hakikuletwa na meli za nyangumi

Hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, wengi huamini kwamba chusa, yaani mkuki wa kuvulia wenye kamba, ni silaha iliyobuniwa na Wazungu, tena ya kumuua nyangumi kwa pigo moja. Yote mawili si kweli.

Miaka ya 1980, watafiti waliofukua Katanda, kando ya mto Semliki mashariki mwa Kongo, walipata ncha za chusa zilizochongwa kwa mfupa. Umri wake unakadiriwa kufikia miaka 90,000 hivi. Zina meno yaliyoelekea nyuma, hivyo zikishazama kwenye nyama hazichomoki kirahisi. Palikuwa pia na mifupa ya kambare wakubwa. Semliki imo katika tawi lile lile la Bonde la Ufa lenye ziwa letu la Tanganyika, na naona ni haki watoto wetu wafundishwe hilo shuleni.

Kuhusu kuua: kazi ya chusa ni kushika. Kamba yake humfunga mnyama kwenye chombo mpaka achoke, na wavuvi wa nyangumi wa zamani walimmalizia kwa mkuki mrefu. Mwaka 1848 Lewis Temple, mhunzi Mweusi wa New Bedford, Marekani, alifua chusa ambacho kichwa chake hugeuka na kukingama ndani ya nyama. Wainuiti, wenyeji wa Aktiki kwenye barafu ya kaskazini, walikuwa na vya namna hiyo karne nyingi kabla yake. Chusa cha baruti, chenye kulipuka na kuua, kilikuja baadaye: Svend Foyn wa Norwei alikipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1870.