Je, wajua? Kwenye softiboli unaweza kufika nyumbani salama na mkimbio usihesabiwe

Mkimbiaji ametimka kutoka beisi ya tatu, amekanyaga beisi ya nyumbani, wenzake wameshaanza kumkumbatia. Ghafla mwamuzi anapunga mikono: mkimbio, yaani pointi ya kufika nyumbani, haupo. Mtazamaji mgeni atadhani timu imeonewa. Kumbe mwamuzi hakuwa akimtazama huyo aliyefika tu. Alikuwa pia akijiuliza juu ya mwingine kabisa, yule aliyetolewa wa tatu na kufunga zamu: je, alilazimika kukimbia, au alikimbia kwa hiari yake?

Beisi, vile vituo vya kukanyagwa, ziko nne, ya mwisho ikiwa nyumbani, kila moja mita 18.29 kutoka kwa mwenzake, na beisi moja haikai watu wawili. Mpigaji akiupiga mpira ukaanguka ndani ya uwanja, anageuka mkimbiaji na beisi ya kwanza inakuwa haki yake. Aliyekuwapo pale hana budi kumpisha; na kama ya pili nayo ina mtu, huyo naye anasukumwa mbele. Hao ndio waliolazimika. Kumtoa aliyelazimika ni kazi ndogo: mlinzi mwenye mpira akanyage beisi anayoiendea kabla yeye hajafika. Asiye na wa kumsukuma nyuma yake ni lazima aguswe mwilini kwa mpira, au kwa glovu iliyoushika mpira.

Sasa tuseme wawili wameshatolewa, kuna mkimbiaji beisi ya kwanza na mwingine ya tatu. Mpira unapigwa chini, mlinzi anaudaka na kuutupa beisi ya pili kabla aliyetoka ya kwanza hajafika. Hiyo ni auti (kutolewa) ya tatu, na ni ya aliyelazimika. Aliyetoka beisi ya tatu, hata kama alishafika nyumbani mapema, mkimbio wake unafutwa. Ndivyo ilivyo pia mpigaji mwenyewe akitolewa kabla ya kugusa beisi ya kwanza.

Ila wakimbiaji wakiwa beisi ya pili na ya tatu, ya kwanza ikiwa tupu, hesabu inabadilika. Hakuna aliyelazimika. Aliyetoka ya pili akiguswa njiani ikawa auti ya tatu, mwamuzi anaangalia kipi kilitangulia: mguu kwenye beisi ya nyumbani au mpira mwilini. Mguu ukitangulia, mkimbio unahesabiwa. Ndiyo maana mwamuzi wa nyumbani hujisogeza mahali ambapo jicho lake litaona vyote viwili.

Kisa maarufu cha kanuni hii kinatoka besiboli, ambako sheria ni ileile. Tarehe 23 Septemba 1908, jijini New York, timu za Giants na Cubs zilikuwa 1-1 na wawili wa Giants wameshatolewa. Fred Merkle, kijana wa miaka 19, alikuwa beisi ya kwanza. Mpira ukapigwa vizuri, mwenzake wa beisi ya tatu akaingia nyumbani, na Merkle, kwa kuona mambo yamekwisha, akageuka kwenda zake bila kugusa beisi ya pili. Walinzi wakaleta mpira kwenye beisi hiyo ya pili. Auti ya aliyelazimika, mkimbio ukafutwa, mechi ikahesabiwa sare. Iliporudiwa tarehe 8 Oktoba, Cubs walishinda 4-2 na kutwaa ubingwa wa ligi.

Kulazimika kwenyewe kunaweza kuisha katikati ya tukio, na hapa hata wazoefu hujikwaa. Mlinzi wa beisi ya kwanza akidaka mpira uliopigwa chini na kuikanyaga beisi yake, mpigaji ametolewa. Basi aliyekuwa mbele hasukumwi tena na mtu. Mpira ukitupwa beisi ya pili, kukanyaga hakutoshi, aguswe.

Wawili wakijikuta juu ya beisi moja, mwenyewe ni aliyetangulia, isipokuwa kama alilazimika kuiacha. Mwingine akiguswa, anatoka. Mlinzi mjanja hana haja ya kukumbuka hayo yote: anawagusa wote wawili na kumwachia mwamuzi atenganishe.

Kosa la kuondoka mapema mpira wa juu unapodakwa lina sura yake. Mkimbiaji anaruhusiwa kuondoka mara tu mpira unapogusa glovu ya mlinzi, si mpaka ushikwe barabara; la sivyo mlinzi angeurusharusha mikononi makusudi ili kumzuia. Akiondoka kabla ya hapo, mwamuzi anaona na kunyamaza. Timu inayolinda ndiyo idai. Mpira hurudishwa kwenye beisi aliyoiacha na mtu anatolewa, kwa hiyo inafanana na kulazimika, lakini siyo. Mwenzake aliyetangulia mbele akawa ameshafika nyumbani kihalali kabla ya dai, mkimbio wake unabaki hata kama hiyo ni auti ya tatu. Kwangu, huu ndio uamuzi mgumu kuliko yote kuueleza jukwaani.

Halafu kuna kanuni ambayo besiboli haina. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, anasimama ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.44. Akishaushika mpira humo, na mpigaji akishamaliza mbio zake za beisi ya kwanza, mkimbiaji aliye katikati ya beisi anaruhusiwa kusimama mara moja tu, kisha achague papo hapo: mbele au nyuma. Akishachagua haruhusiwi kugeuza, ila mrushaji akijaribu kumtoa mtu. Hapa mwamuzi hasubiri dai la yeyote. Mkimbiaji akisitasita, anatolewa hapo hapo, ingawa hakuna aliyemgusa na mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Kosa lake ni kusitasita tu.