Hofu ya Kufanya Kazi Kwenye Joto Kali: Maswali na Majibu

Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma, miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hufikia nyuzi joto 31 hadi 33 mchana, na unyevu wa hewa ya bahari hulizuia jasho kukauka, kwa hiyo mwili hutokwa na maji bila kupoa. Wanaokuja zahanati msimu huo si wale tu walioanguka kazini. Wapo wanaokuja wakiwa wazima, siku moja kabla ya zamu, wakisema hawakupata usingizi kwa kuwaza jua la kesho. Maswali yafuatayo ndiyo wanayouliza mara kwa mara mafundi ujenzi, vibarua wa zege, wavuna chumvi, wachuuzi na madereva wa bodaboda.

Swali: Mimi ni fundi wa kuezeka. Msimu wa joto ukikaribia naingiwa na wasiwasi wiki nzima kabla ya kazi. Je, huu ni ugonjwa wa akili?

Si lazima. Mtu anayepigilia misumari juu ya bati saa saba mchana ana sababu ya kuogopa. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4, yaani zaidi ya asilimia 70 ya wafanyakazi wote duniani, hukumbana na joto la kupita kiasi kazini. Kwa hiyo hatuanzi kwa kukwambia uache kuogopa, kwani hofu hiyo ndiyo inayokukumbusha kubeba maji na kutafuta kivuli. Inakuwa tatizo la afya pale inapopita kiasi cha hatari yenyewe: unapokosa usingizi siku nyingi mfululizo, unapokwepa kazi hata siku ya mawingu, au moyo unapoanza kwenda mbio kwa kusikia tu utabiri wa hali ya hewa redioni.

Swali: Nikiwa juani moyo hunienda mbio, jasho hunitoka na kizunguzungu hunishika. Nitajuaje kama ni hofu au ni joto?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na hata sisi wahudumu hukosea. Mwili uliopata joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi. Mwili wenye hofu nao huongeza mapigo ya moyo na jasho, ukijiandaa kukimbia au kupigana. Dalili ni zilezile, ila chanzo ni tofauti, na mara nyingi kimoja huchochea kingine: joto likiongeza mapigo, mwenye wasiwasi huyasikia, hudhani anakufa, na hofu hiyo huyaongeza tena.

Zipo tofauti kadhaa. Mshtuko wa hofu hupanda ghafla, hufika kileleni katika dakika kumi hivi, kisha hupungua. Mara nyingi huambatana na kuhema haraka haraka na ganzi kwenye vidole na kuzunguka midomo, lakini fahamu hubaki timamu. Madhara ya joto kwa kawaida huja polepole, pamoja na kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukakamaa, na huzidi kadiri unavyoendelea na kazi.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba usijaribu kutofautisha ukiwa bado juani. Chukulia kwanza kwamba ni joto. Toka, kaa kivulini, vua kofia ngumu na mabuti, lowanisha kichwa, shingo na mikono, kunywa maji kidogo kidogo, kisha subiri nusu saa. Mwenye hofu hapati madhara yoyote kwa kupozwa, lakini mwenye joto anaweza kufa huku wenzake wakimbembeleza kwamba ni wasiwasi tu. Mwili ukishapoa ndipo ufanye zoezi la pumzi: vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, na urudie kwa dakika tano.

Nasema hivi kwa sababu ya kijana mmoja aliyeletwa kwetu siku ya kumwaga zege la ghorofa. Kwa mujibu wa wenzake, alikuwa amekaa juu ya rundo la mchanga kwa muda mrefu, akitetemeka na kukataa kushika ndoo, nao wakamtania kwamba jua limemtisha. Tulipomuuliza leo ni siku gani, akatujibu kwa kutaja jina la kijiji chao. Aliyetishika hutetemeka, lakini siku anaijua. Anayejibu ovyo, anayepepesuka kama mlevi au anayegeuka mkali bila sababu, ubongo wake umeanza kuathirika, na hiyo ni dharura ambayo wataalamu huiita kiharusi cha joto, yaani joto la ndani ya mwili kufikia nyuzi 40 au zaidi kutoka 37 za kawaida.

Swali: Mwenzangu akifikia hali hiyo nifanye nini?

Mpoze kwanza, kumsafirisha baadaye. Wakati mmoja anatafuta gari, wengine wamvue nguo za juu, wammwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Kwenye ujenzi huwa kuna turubai: mlazeni juu yake, watu wanne washike pembe ili maji yasimwagike, mimineni maji baridi kadiri mnavyoyapata, na barafu ikiwepo itieni humo, huku mtu mmoja akikiinua kichwa kisizame. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, na akitapika ageuzwe ubavu. Panadol haisaidii, kwa sababu hii si homa ya maambukizi. Msingoje jasho likome ndipo muamini, kwa kuwa wanaozidiwa na joto wakiwa kazini mara nyingi huendelea kutoka jasho.

Swali: Mwaka jana nilizimia nikibeba zege. Sasa kila nikikaribia eneo la kazi miguu inaisha nguvu. Nirudije kazini?

Kwanza upimwe. Kuzimia kunaweza kutokana na upungufu wa damu, sukari, moyo au malaria, na haifai kutibu wasiwasi kabla ya kuyaondoa hayo. Ukithibitika kuwa mzima, kuna bahati njema hapa: mwili na hofu hutibika kwa njia moja, nayo ni kurudi hatua kwa hatua.

Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Katika siku hizo jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea hupungua, na mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile. Takwimu za usalama kazini nchini Marekani zinaonyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza ya mfanyakazi, na zaidi ya asilimia 70 hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Ndiyo maana inashauriwa mgeni wa kazi afanye asilimia 20 tu ya muda wa zamu kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Kwa zamu ya saa nane, siku ya kwanza ni kama saa moja na nusu ya kubeba ndoo, na muda uliobaki ni wa kazi za kivulini, kama kusuka nondo chini ya banda.

Hofu nayo hupungua kwa utaratibu huohuo. Ukiikimbia kabisa kazi, akili hubaki na picha ya mwisho tu, ile ya kuanguka. Ukirudi kwa muda mfupi unaoweza kuustahimili na ukamaliza salama, akili hupata picha mpya. Andika kwenye karatasi mpango wako wa siku: utaanza saa ngapi, utapumzika wapi, maji yatakaa wapi, nani atakuangalia, na dalili gani itakufanya usimame bila kujadiliana na mtu. Hilo la mwisho ndilo linalowatuliza wengi kuliko zoezi lolote la pumzi, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamua lini atasimama hahitaji kujichunguza kila dakika. Kama ulikaa nyumbani wiki moja au zaidi kwa likizo au ugonjwa, hesabu kwamba mazoea yamepungua, na uanze tena taratibu.

Swali: Ninywe maji kiasi gani? Nikinywa mengi si ndiyo salama zaidi?

Kunywa kikombe kimoja, kama mililita 250, kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Usizidishe lita 1.4 kwa saa. Wenye wasiwasi huwa na tabia ya kunywa chupa baada ya chupa, na maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu hadi kuleta maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa, yaani dalili zilezile walizokuwa wakizikimbia. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu unatosha kukuonyesha kwamba uko sawa. Ukitoka jasho saa nyingi, kula chakula chenye chumvi, kunywa dafu, au changanya pakiti ya ORS kwa lita moja ya maji. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi, pamoja na miraa, ambayo kwetu huitwa mirungi, huongeza mapigo ya moyo, na mwenye hofu ndiye wa mwisho anayepaswa kuvigusa kabla ya kazi.

Swali: Usiku silali. Nyumba ni ya bati bila dari, na kichwani nawaza kesho tu.

Kukosa usingizi huongeza hofu na pia hupunguza uwezo wa mwili kustahimili joto, kwa hiyo tatizo hili lisipuuzwe. Oga kabla ya kulala, lala na kanga au shuka lililoloweshwa na kukamuliwa, acha hewa ipite pande mbili, na ukilala barazani usiache chandarua. Mawazo ya kesho yapangie dakika kumi na tano jioni, ukiwa umekaa na ile karatasi ya mpango. Yakirudi kitandani, yaambie yameshaandikwa.

Swali: Je, nikifunga Ramadhani niendelee na kazi ya juani?

Katika miaka hii Ramadhani huangukia Februari na Machi, wakati ambapo joto la pwani bado ni kali. Omba zamu ianze baada ya alfajiri na iishe kabla ya adhuhuri. Kati ya futari na daku kunywa maji kidogo kidogo badala ya kujaza tumbo mara moja. Ukipata kizunguzungu kisichokwisha, ukitapika au ukianza kuchanganyikiwa, fungua. Mgonjwa ameruhusiwa kulipa siku nyingine, na imamu wa msikiti wako atakueleza hayo vizuri kuliko mimi.

Swali: Naogopa zaidi kumwambia msimamizi kuliko jua lenyewe. Mimi ni kibarua wa kutwa. Nikikaa, nakosa pesa.

Naelewa, na sitakudanganya kwamba sheria peke yake itakulinda. Hata hivyo ijue: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, kama ile ya Kenya ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi na kuweka maji safi ya kunywa. Kwa uzoefu wangu, msimamizi husikia zaidi akiombwa jambo dogo na la watu wote kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Nendeni watatu wanne, asubuhi, kabla ya kazi kuanza, mseme: "Bosi, tunaomba tuanze saa kumi na mbili, tupumzike saa sita mpaka saa tisa, tumalizie jioni, kazi itaisha ileile." Na mpeane wenza wa kuangaliana. Mtu anayezidiwa na joto mara nyingi hajitambui, kwa hiyo jicho la mwenzako ni kinga halisi.

Swali: Mdogo wangu anaondoka Nairobi mwezi Julai kwenda Qatar kuwa mlinzi wa nje. Familia nzima ina hofu.

Hofu hiyo ina msingi. Julai ni mwezi wa baridi Nairobi, mchana ukiwa na nyuzi ishirini na kitu tu, ilhali Doha joto hupita 40. Mwili wake utafika bila mazoea yoyote, hivyo wiki mbili za kwanza ndizo za kuangaliwa. Ajue mapema kwamba tangu 2021 Qatar imepiga marufuku kazi za nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, na kwamba kazi lazima isimame wakati wowote kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kinapozidi nyuzi 32.1. Oman nayo huzuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Kabla ya kusaini mkataba, aulize kama kituo cha ulinzi kina kibanda chenye kivuli na maji, na malazi yana kiyoyozi.

Swali: Lini nimwone daktari, na je, nitapewa dawa?

Njoo kama hofu imedumu zaidi ya wiki chache, kama umeacha kazi kwa ajili yake, kama unatuliza moyo kwa pombe, au kama umefikiria kujidhuru; hili la mwisho lisingoje hata kesho. Wengi huchelewa kwa kuogopa jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, kana kwamba kila anayezungumza na mtaalamu wa afya ya akili anapelekwa Dodoma. Wenye wasiwasi wengi hutibiwa kwa mazungumzo ya wiki kadhaa, wakiwa nyumbani kwao na kazini kwao.

Dawa zipo, ila mweleze daktari kwamba unafanya kazi juani. Amitriptyline, dawa ya sonona, na chlorpromazine, dawa ya magonjwa ya akili, na hata dawa za mafua na mzio kama Piriton, zinaweza kupunguza jasho, na dawa za kupunguza maji mwilini wanazopewa wenye shinikizo la damu huongeza hatari ya kukaukiwa. Usiziache mwenyewe kwa kusoma haya. Nenda nazo kliniki kwenye pakiti zake, pamoja na zile ulizojinunulia dukani, ili muda wa kumeza, kipimo au aina vibadilishwe kulingana na zamu yako.