Gesi ya mtungi mashuani: yanayosemwa gatini na ukweli wake

Baridi ya Puget Sound, upande wa Seattle huku Marekani, haiji na theluji nyingi. Inakuja na mvua ya wiki nzima na ubichi unaoingia mpaka ndani ya godoro. Anayeishi kwenye mashua ya tanga lazima apashe joto kabini, na wengi huchagua propani, yaani gesi ya mtungi, kwa kuwa tayari wanayo chomboni kwa ajili ya jiko. Nimefanya matengenezo ya mashua huku kwa misimu kadhaa, na maneno yanayonitia hofu ni yaleyale kila mwaka. Nawaandikia hasa ndugu zangu tuliokulia Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu sisi tumezoea mtungi kukaa jikoni, ubavuni mwa jiko. Nyumbani gesi ikivuja, angalau kuna mwanya chini ya mlango. Mashua haina mwanya huo. Mashua ni bakuli.

"Ikivuja nitafungua dirisha, itatoka."

Haitoki. Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa kwa karibu mara 1.5, kwa hiyo unateremka kama maji: unapita kwenye nafasi za mbao za sakafu na kutulia kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo. Dirisha liko juu, gesi iko chini ya miguu yako. Pampu ya ngama nayo imetengenezwa kunyonya maji, na swichi yake inayojiwasha usiku inaweza kutoa cheche papo hapo gesi ilipolala.

Kiasi kinachotosha kuleta balaa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Propani huanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 2.1 ya hewa. Lita 1 ya propani iliyo katika hali ya maji ikigeuka mvuke inakuwa takriban lita 270. Chukua ngama yenye nafasi ya lita 500: inahitaji lita 10 na nusu tu za mvuke, yaani mililita 40 za gesi iliyo katika hali ya maji. Vijiko vya chakula havifiki vitatu.

Ndiyo maana mtungi hukaa kwenye sanduku lake peke yake. Kiwango cha A-1 cha ABYC, baraza linaloandika viwango vya boti Marekani, kinataka sanduku lisilopitisha mvuke kuingia ndani ya chombo, mfuniko wake ufungukie nje, na chini kabisa pawe na tundu la kutolea gesi lenye upana wa ndani usiopungua milimita 13. Tundu hilo litokee nje, juu ya maji, mbali na dirisha au mlango wowote kwa sentimita 51 au zaidi. Mpira wake uteremke moja kwa moja bila kulegea katikati, maana maji yakituama kwenye mkunjo, gesi haina pa kupita.

Msimu uliopita rafiki yangu aliniita nimfungie hita. Sanduku lake lilikuwa zuri, jipya, limepakwa rangi nyeupe. Nikamimina kikombe cha maji chini yake. Yakatuama palepale, yanameremeta kwenye mwanga wa tochi. Majani makavu na uzi wa kamba vilikuwa vimeziba tundu, kwa sababu mle ndani alihifadhi pia kamba zake za gati. Tukachokonoa kwa waya, na maji yakaruka nje ubavuni. Hilo jaribio la kikombe cha maji lifanye leo. Na kamba, betri na spana vitafutiwe mahali pengine.

"Nitasikia harufu."

Propani yenyewe haina harufu. Inatiwa kemikali ya kunuka. Lakini pua huzoea, aliyelala hanusi, na ngama ina harufu zake za dizeli na maji yaliyochacha. Weka kengele ya gesi, kihisio chake kiwe chini, juu kidogo ya maji ya ngama. Kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka moto ukikosa hewa, ni kifaa kingine kabisa, na hiyo hukaa karibu na usawa wa kichwa cha anayelala.

"Mtungi umekwisha, uteremshe tu ndani."

Umekwisha kwa jiko, lakini ndani bado kuna mvuke. Funga vali, uache sandukuni. Vivyo hivyo vile vikopo vya gesi vya gramu 454: vikishafunguliwa mara moja, vali zake haziaminiki tena, na nimeviona vingi mno chini ya vitanda.

"Hita ya kubebeka haina moshi, haihitaji bomba."

Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu anayelisema kwa kawaida ana watoto ndani. Hita ya kilowati 2 ikiwaka saa 8 inakula takriban kilo 1.2 ya gesi, na gesi hiyo ikiungua inatoa karibu lita 2 za maji, yote yakibaki kabini kama jasho ukutani. Na inavuta hewa ileile mnayopumua. Hewa ikipungua, inaanza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Nunua hita inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, na kabini ibaki kavu. Jiko la kupikia lisigeuzwe hita hata kwa nusu saa.

"Nina vali ya umeme, kwa hiyo niko salama."

Vali hiyo, inayofunga gesi kwa swichi, ni kifaa kizuri, ila haikwambii kama kiungio kinavuja. Kinachokwambia ni geji ya shinikizo iliyofungwa kabla ya regulata, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi. Zima vifaa vyote, fungua mtungi na vali ya umeme, soma geji. Kisha funga mtungi kwa mkono, uiache vali ya umeme wazi, usubiri. ABYC wanasema dakika 3; mimi nasubiri 15. Mshale ukishuka hata kidogo, paka viungio maji ya sabuni isiyo na amonia, kwa kuwa amonia hupasua shaba, na utafute mapovu yanapotokea. Usiwashe chochote mpaka uyapate na kiungio hicho kitengenezwe.