ORS haizibi tumbo, na haikuundwa kuziba

Malalamiko makubwa dhidi ya ORS, ule unga wa chumvi na glukosi wa pakiti unaochanganywa na maji na kunyweshwa anayeharisha, ni kwamba haifanyi kazi. Mtoto kanywa asubuhi, mchana bado anaharisha, jioni vilevile. Basi jagi linasukumwa pembeni na mtu anatumwa duka la dawa akanunue "kitu cha kufunga tumbo". Makosa mengi yanayofanywa na pakiti hii, yakiwemo yale ya hatari, yamezaliwa na matarajio hayo.

Dhana: "Amekunywa na bado anaharisha, kwa hiyo haikumsaidia"

Anayekufa kwa kuharisha anauawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Damu inapungua, presha inashuka, figo na ubongo vinakosa huduma. Kazi ya ORS ni kurudisha kile kinachopotea, kwa kasi inayolingana na kinavyopotea, mpaka utumbo upone wenyewe. Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma ndani ya siku chache, kwa hiyo swali la msingi ni kama mtoto atazifikia siku hizo akiwa na maji ya kutosha.

Glukosi iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na vikishaingia, maji huvifuata. Mwanasayansi Robert Crane aliieleza njia hiyo mwaka 1960. Jambo la kushangaza ni kwamba hata kwa mgonjwa wa kipindupindu, ambaye utumbo wake unamwaga maji kama bomba lililopasuka, mlango huo haufungi. Mwaka 1968 huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliokunywa mchanganyiko wa aina hii walihitaji dripu kidogo sana kuliko wenzao. Kuharisha hakukukoma papo hapo. Walichokipata ni maji yaliyoingia mwilini kufidia yale yaliyotoka.

Kwa hiyo usihesabu choo, hesabu mkojo. Mtoto anakojoa? Mkojo umeanza kuwa mweupe? Akilia, machozi yanatoka? Utosi wa mtoto mchanga umebonyea au umerudi? Anachangamka, au amelegea tu mapajani? Hayo ndiyo majibu ya ORS. Mtoto aliyeharisha mara sita na anakojoa vizuri yuko salama kuliko aliyeharisha mara mbili na hajakojoa tangu asubuhi.

Dhana: "Ukiikoleza inafanya kazi haraka"

Hapa ndipo ORS inapogeuka sumu. Pakiti ya lita 1 ya mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ina gramu 20.5: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitrati 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Hesabu hiyo imepigwa kwa maji ya lita 1, si kikombe. Ukiimimina pakiti hiyo kwenye nusu lita, sodiamu inakuwa mara mbili. Sodiamu ikizidi kwenye damu huvuta maji kutoka ndani ya seli, zikiwemo za ubongo: mtoto anapata kiu isiyokatika, anakuwa msumbufu, na ikifika mbali anapata degedege. Na sukari iliyozidi ndani ya utumbo huvuta maji yarudi utumboni, hivyo kuharisha kunaongezeka. Mzazi akiona hivyo, anakoleza tena.

Kuna ushahidi mmoja ningependa wapenda kukoleza wausikie. Pakiti ya zamani ilikuwa kali zaidi kuliko ya sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 WHO na UNICEF waliipunguza makali, ukolezi wote ukashuka kutoka 311 hadi 245 kwa kipimo cha miliosmoli kwa lita. Majaribio kwa watoto yalikuwa yameonyesha kuwa ile nyepesi inapunguza kutapika, inapunguza wingi wa kinyesi, na inapunguza kwa takriban theluthi idadi ya wanaolazimika kuwekewa dripu baadaye. Wataalamu walipoitafuta ORS bora, waliipata kwa kuipunguza.

Cha kufanya kabla ya kuchana pakiti ni kusoma maandishi yake. Ziko za lita 1, za nusu lita, na za mililita 200, na kwa macho zinaweza kufanana. Aliyezoea za lita akipewa za nusu lita atazimua kupita kiasi. Kinyume chake ndicho cha kuogopa zaidi. Kwa kipimo, tumia chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa ujazo wake. Angalia vizuri, maana ile kubwa ya lita 1.5 hushikwa na wengi wakidhani ni lita 1. "Glasi nne" si kipimo. Glasi za nyumba moja tu hazilingani.

Na usigawe unga. Wapo wanaomimina nusu ya pakiti kwa sababu mtoto ni mdogo. Unga una vitu vinne, na hakuna anayeweza kuapa kwamba nusu iliyobaki kwenye karatasi ina chumvi sawa na nusu iliyotoka. Pakiti yote iingie kwenye maji yake yote. Udogo wa mtoto unaangaliwa wakati wa kunywesha, si wakati wa kuchanganya.

Ukishachanganya, usiongeze sukari, soda, juisi, maziwa wala chumvi.

Dhana: "Chemsha ORS ili uue vijidudu"

Chemsha maji kwanza, yaache yapoe kabisa, ndipo umimine unga. Mchanganyiko wenyewe hauchemshwi: maji yanapungua kwa mvuke na chumvi inabaki, kwa hiyo umeikoleza bila kujua. Kama mkaa umeisha, tumia maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Na kama vyote havipo, tumia maji safi kuliko yote uliyonayo, kwa sababu kumnyima kabisa ni hatari zaidi.

Funika chombo. Ikifika saa 24 mwaga iliyobaki, hata kama ni nyingi, uchanganye nyingine.

Dhana: "Akitapika, mwache tumbo litulie"

Subiri dakika 10, si nusu siku. Kisha rudi na kijiko cha chai: kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana wengi wanaiacha. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe atakigugumia chote na kukirudisha. Akipewa kwa kijiko, hata akitapika kidogo, kilichobaki tumboni kinazidi kilichotoka.

Kwa makadirio, mtoto wa chini ya miaka miwili ambaye bado hajaishiwa maji anapewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi, hata yule wa chini ya miezi sita ambaye hajaonja kitu kingine. Kumpa ORS anapoharisha ni tiba, wala si kuvunja utaratibu wa kumnyonyesha maziwa ya mama pekee. Waliokwisha kuanza kula wapewe uji na chakula chao. Kumshindisha njaa ni desturi ya zamani inayomrudisha mtoto nyuma kilo kwa kilo.

Dhana: "Soda, dafu au glukosi ya kopo ni kilekile"

Soda ina takriban gramu 100 za sukari kwa lita, ukilinganisha na 13.5 za ORS, na sodiamu yake ni kidogo mno. Dafu ni kinywaji kizuri na lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake haitoshi. Glukosi ya kopo ni nusu ya habari: mlango nilioueleza juu unahitaji sodiamu na glukosi pamoja.

Mchanganyiko wa nyumbani ni suala jingine. Unafaa pale ambapo pakiti haipatikani: lita 1 ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kilima. Onja kwanza, ukiona una chumvi kuzidi machozi, mwaga uanze upya. Hauna potasiamu wala sitrati, kwa hiyo ni wa kushikilia tu wakati pakiti inatafutwa. Kusema kweli, siku hizi mimi huona bora familia iweke pakiti mbili kabatini kuliko kutegemea kijiko, kwa sababu vijiko vya chai navyo hutofautiana.

Dhana: "Dawa yenyewe ni Flagyl"

Flagyl, ambayo jina lake la kitaalamu ni metronidazoli, hutibu vimelea vya amiba na giadia, pamoja na baadhi ya bakteria. Kuharisha kwingi kwa watoto wadogo kunaletwa na virusi, na virusi havijali vidonge hivyo. Virusi vya rota vilikuwa kinara wao, ndiyo sababu chanjo yake iliingizwa kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Antibiotiki zina nafasi yake kwa choo chenye damu na kipindupindu, na anayeandika ni mhudumu wa afya. Vidonge vya kufunga tumbo, kama loperamidi, mtoto mdogo asipewe: vinapunguza mwendo wa utumbo, tumbo linavimba, na maji yanayoendelea kumwagika ndani hayaonekani tena.

Kidonge kinachostahili kuambatana na ORS kwa mtoto ni zinki: miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miezi sita, 10 kwa aliye chini yake, kwa siku 10 hadi 14. Watu huacha mara tu kuharisha kunapokoma, na hapo wanapoteza faida yake nyingine: kupunguza uwezekano wa kuugua tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Dhana: "Hayo ni meno tu"

Mtoto anapoota meno ndipo pia anapotambaa na kutia kila kitu mdomoni, na kinga aliyopewa na mama inapungua. Ndiyo maana kuharisha na meno hukutana. Meno hayamalizi maji mwilini. Kuharisha ndiko kunakoyamaliza, awe ana jino au hana.

Mbaya zaidi ni "meno ya plastiki", ambayo sehemu nyingine huitwa ya nailoni. Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anapapasa ufizi, anaona kivimbe cheupe, anasema hicho ndicho kisababishi na kinapaswa kung'olewa. Kivimbe hicho ni jino la kawaida ambalo halijatoka. Likichimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji anapoteza na damu, na anafunguliwa njia ya pepopunda na maambukizi mengine. Saa zilizotumika kumpeleka kwa mng'oaji zingetosha kumnywesha lita nzima.

Dhana: "Dripu ndiyo tiba ya kweli"

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwakumba wakimbizi huko Bongaon, India. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua chumvi na glukosi zichanganywe kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa vimefikia karibu asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4 kwa waliotibiwa hivyo.

Hata hivyo dripu ina wenyewe. Mtoto aliyelegea au asiyeamka vizuri, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye macho yaliyozama na ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ukiibana, huyo ni wa kukimbizwa. Vilevile mwenye damu kwenye choo, au anayetoa maji meupe kama ya kuoshea mchele bila kukoma: mtu mzima mwenye kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Kuharisha kukifika siku 14 kunahitaji uchunguzi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi ORS ya kawaida nyumbani. Kituoni upo mchanganyiko wake maalumu, wenye sodiamu ndogo zaidi. Wenye maradhi ya moyo au figo waulize kwanza ni kiasi gani. Mwenye kisukari asiikwepe kwa kuogopa glukosi, bali apime sukari yake mara kwa mara na awasiliane na mhudumu wake.

Na kama kituo kiko mbali na mgonjwa bado anameza, chupa ya ORS iliyokwisha kuchanganywa na kijiko viingie naye kwenye bodaboda au bajaji. Anayempakata aendelee kumnywesha njiani kidogo kidogo, asisubiri mpaka wafike mapokezi.