Askari Walionyimwa Kazi: Togo, Januari 1963

Katika mihadhara yetu kwa umma swali moja halikosekani: kikundi kidogo cha askari kinaangushaje serikali nzima? Mimi huwapeleka wasikilizaji Lomé.

Togo ilipopata uhuru tarehe 27 Aprili 1960, jeshi lake lilikuwa na askari wapatao 250 tu. Rais Sylvanus Olympio hakutaka kuliongeza. Alikuwa mtu wa kubana matumizi, na kwake fedha za nchi changa zilikuwa na kazi nyingine. Hoja hiyo hadi leo naiona ina uzito. Lakini vita vya Algeria vilipokwisha mwaka 1962, mamia ya Watogo waliotumikia jeshi la Ufaransa walirudi nyumbani, wengi wao Wakabiye kutoka kaskazini. Hawakuwa na ujuzi mwingine zaidi ya bunduki. Waliomba kuingizwa jeshini, wakakataliwa.

Usiku wa kuamkia 13 Januari 1963 waliivamia nyumba ya rais. Olympio aliruka ukuta akaingia ubalozi wa Marekani, uliokuwa jirani, akajificha ndani ya gari uwanjani. Kulipopambazuka alikuwa amekufa kwa risasi, mbele ya lango la ubalozi huo.

Nicolas Grunitzky, shemeji yake, aliitwa kutoka uhamishoni akakabidhiwa nchi. Wale askari wakapewa kazi waliyoitaka, na jeshi likapanuliwa. Kwangu mimi, hapo ndipo msiba wa pili ulipoanzia: kila aliyevaa gwanda aliona ombi lililokataliwa ofisini limekubaliwa kwa risasi.

Mwaka mmoja baadaye moto kama huo uliwaka kwetu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Nyerere alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililomuuma sana. Lakini baada ya hapo alilivunja jeshi lile lote, na Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ.

Togo haikuvunja kitu. Tarehe 13 Januari 1967, miaka minne kamili tangu mauaji, Étienne Eyadéma, mmoja wa wale waasi, alimwondoa Grunitzky. Alitawala hadi alipofariki Februari 2005, na jeshi likamweka mwanawe, Faure. Kwa miaka yote hiyo ya Eyadéma, tarehe aliyouawa Olympio ilikuwa sikukuu ya ukombozi wa taifa.