Jina la Duka la Maua: Cheti cha Usajili Peke Yake Hakitoshi

Malalamiko ya wauza maua yanayofika kwetu, ofisi ya usajili wa majina na alama za biashara, yameongezeka, na mengi yanafanana. Mtu ameshachora bango, amechapisha kadi za kuambatisha kwenye mashada, amebandika jina kwenye gari la kupelekea oda, kisha anapokea barua ya wakili inayomtaka aache kulitumia. Anakuja kwetu na cheti mkononi na kuuliza: sasa mlinisajilia nini? Swali lake ni la haki, na linastahili jibu kamili.

Cheti cha jina la biashara kinaonyesha ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani, ili mteja au anayemdai ajue wa kumtafuta. Hakikupi uwezo wa kumzuia mwingine, wala hakikukingi dhidi ya mwenye alama ya biashara (jina au nembo inayotofautisha bidhaa au huduma zake na za wengine) iliyosajiliwa kabla yako. Majina na alama viko kwenye madaftari mawili, kwa kawaida chini ya sheria mbili tofauti, na anayepekua moja si lazima awe amepekua lingine. Tunalieleza hili kila siku, na bado kuna waombaji wanaosema "jina nimeshalinunua". Ada ya usajili si bei ya jina.

Zaidi ya hapo, Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao ni mkataba wa kimataifa unaolinda alama, majina ya biashara na uvumbuzi, katika kifungu cha 8 unazitaka nchi wanachama zilinde jina la biashara hata kama halijasajiliwa. Kwa hiyo duka ambalo halimo kwenye daftari lolote, lakini wateja wamelizoea, linaweza kuwa na haki inayotangulia yako. Pekua daftari la majina, pekua daftari la alama, kisha tafuta kwenye intaneti na mitandao ya kijamii. Waulize pia wauzaji wa jumla wanaokuuzia maua. Wao huandika majina ya maduka kwenye ankara kutwa nzima na wanayajua hata yale ambayo sisi hatuyajui.

Sasa jina lenyewe. Tunapokea maombi mengi ya aina ya "Maua Mazuri", "Mashada Bora" na "Duka la Waridi". Yakikataliwa kama alama ya biashara, mwombaji hukasirika na kuamini kwamba kuna mtu kapendelewa. Hakuna. Kila muuza maua ana haki ya kusema anauza maua, na hatuwezi kumkabidhi mmoja neno ambalo wenzake wote wanalihitaji. Hata likikubaliwa pamoja na neno jingine, mara nyingi litawekewa sharti kwamba hudai haki ya peke yako juu ya neno "maua". Jina lenye nguvu ni lile lisiloeleza bidhaa: duka la maua linaloitwa "Nanga" litalindwa kwa urahisi kuliko linaloitwa "Waridi". Najua wengi hawapendi kusikia hivyo, kwa kuwa wanataka mteja aelewe mara moja. Kazi hiyo ifanywe na picha kwenye bango na maneno madogo chini ya jina.

Kuna wanaodhani kubadili herufi moja kunawaokoa. Hakuokoi. Tuseme daftarini kuna "Asumini ya Alfajiri", nawe unaleta "Yasmini Alfajiri". Mkaguzi anayasoma kwa sauti, anayatazama yalivyoandikwa, anapima maana yake, kisha anaangalia bidhaa na wateja. Mteja anayemfikiria si mtaalamu. Ni mtu mwenye haraka, aliyepokea habari ya msiba asubuhi, anayeagiza shada kwa simu kwa jina alilolisikia mara moja tu. Akiweza kuchanganya, ombi linakataliwa. Kwa sababu hiyohiyo nakushauri ulijaribu jina lako kwenye simu kabla ya kulileta: mtu akilazimika kukuuliza linaandikwaje, litakusumbua.

Jambo jingine si sababu ya kisheria, lakini nalisema kwa kuwa naona watu wakilijutia. Kadi yenye jina lako itaingia harusini, na kadi hiyohiyo itakaa juu ya shada la mazishi. Jina kama "Shangwe" linapendeza pale pa kwanza na kumuumiza mfiwa pale pa pili.

Yapo pia majina na nembo ambazo haziruhusiwi kusajiliwa kabisa. Msalaba Mwekundu, kwa jina na kwa nembo, unalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949. Kupeleka maua hospitalini hakukupi ruhusa ya kuuchora. Pete tano za Olimpiki zinalindwa na Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1981. Bendera na nembo za mataifa zinaguswa na Mkataba wa Paris. Jina rasmi la aina ya ua iliyozalishwa na mtafiti ni la kila anayeiuza aina hiyo, kwa hiyo usilifanye lako. Na usiite duka "Maua Halisi" huku ukiuza ya plastiki: hilo ni kumpotosha mteja.

Ukiamua kusajili alama, utachagua makundi kati ya 45 ya Mpangilio wa Nice, orodha ya kimataifa inayogawa bidhaa na huduma. Hapa ndipo fomu nyingi zinaporudishwa. Maua asilia na yaliyokaushwa kwa mapambo yako kundi la 31. Maua bandia, 26. Kupanga maua kama huduma, 44. Kupeleka maua, 39. Kuuza rejareja, 35. Mafunzo ya kupamba, 41. Ulinzi unafuata makundi uliyoyalipia, na kuongeza kundi baadaye huhitaji ombi jipya lenye tarehe mpya. Ombi likipita ukaguzi, hutangazwa ili wenye pingamizi wajitokeze: nchi nyingi hutoa miezi miwili au mitatu, Marekani siku 30. Usajili mara nyingi hudumu miaka 10 na huhuishwa, ila alama isiyotumika kwa miaka mitatu au mitano mfululizo, kulingana na nchi, inaweza kufutwa.

Kuhusu adhabu: mahakama inaweza kutoa zuio, kuamuru fidia, kukunyang'anya faida na kuagiza vifungashio viharibiwe. Kughushi alama kwa makusudi kibiashara ni jinai. Kuweka ®, ishara ya alama iliyosajiliwa, kabla ya kusajiliwa ni kosa katika nchi nyingi, na tunaliona kwenye kurasa za maduka kila wiki. Hata maneno unayoyalipia kwenye matangazo ya intaneti yanahusika: Interflora, mtandao wa wauza maua, iliishtaki Marks & Spencer, kampuni ya maduka ya Uingereza, kwa kutumia jina la Interflora kama neno la kutafutia kwenye Google, na mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwenye alama anaweza kuzuia tangazo ambalo msomaji wa kawaida hawezi, au anaweza kwa shida tu, kujua maua yanatoka kwa nani.

Maelezo haya ni ya jumla. Shauri lako mahususi lipeleke kwa wakili. Ikiwa umeshapokea barua ya madai, usiitupe na usijibu kwa hasira kwenye mitandao. Simamisha uchapishaji mpya, kusanya risiti na picha zenye tarehe zinazoonyesha ulianza lini kulitumia jina, kisha jibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Ikiwa barua ni ya ofisi yetu, siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake, si siku uliyoifungua.